Dkt Trowell alituachia somo la kisukari

Nilisoma ukimbizini Kenya na sasa nafundisha Tororo. Kila niendapo sokoni Busia na kuona watu wakinunua unga mweupe na soda kuliko wimbi, humkumbuka Dkt Hugh Trowell.

Mwingereza huyo alizaliwa 1904. Alianza utabibu Kenya, kisha akafanya kazi miaka mingi Hospitali ya Mulago, Kampala, ambako alisifika kwa utafiti wa unyafuzi. Enzi hizo kisukari kilikuwa nadra na mshtuko wa moyo haukujulikana sana miongoni mwa Waafrika. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika kuhusu Mwafrika aliyeugua mishipa ya moyo. Baadaye alirudi Uingereza, akawa kasisi, na pamoja na Dkt Denis Burkitt akahubiri kwamba chakula kilichokobolewa huleta maradhi hayo. Alifariki 1989.

Leo twajua unene na urithi pia huchangia. Twajua tena kwamba kisukari huharibu figo kimyakimya, na figo zikiugua, moyo nao huwa hatarini. Wengi huuawa na moyo kabla figo hazijakoma.

Kwa hivyo, mwenye kisukari asingoje kuvimba miguu. Apimwe mkojo, damu na presha kila mwaka.