Abraham Block: Mjaza magodoro aliyeishia kuimiliki hoteli

WAKAZI wa Fedha na mitaa jirani ya Eastlands, jijini Nairobi, wamezoea kuona mikahawa na nyumba za wageni zikifunguliwa, kila moja ikijitahidi kuipiku nyingine kwa taa za rangi, makochi ya kifahari na kuta zilizorembwa. Lakini mmoja wa watu walioipa Nairobi sura ya hoteli zake kubwa alianza na kitu ambacho mgeni hakioni aingiapo mlangoni: godoro.

Abraham Block alizaliwa mwaka wa 1883 katika familia ya Kiyahudi nchini Lithuania, iliyokuwa wakati huo chini ya himaya ya Urusi. Alihamia Afrika Kusini akiwa kijana, na mnamo 1903 akawasili katika nchi ambayo leo ni Kenya. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilikuwa imependekeza Wayahudi wapewe makazi katika nyanda za Uasin Gishu. Mpango huo ulikataliwa miaka miwili baadaye, lakini Block hakuondoka.

Nairobi ya enzi hizo ilikuwa kambi ya reli, vumbi na mabati tupu. Bi Mayence Bent alikuwa amefungua Hoteli ya Stanley mwaka wa 1902 katika barabara inayoitwa sasa Tom Mboya. Wageni walishuka garimoshi wakiwa hoi, na kusubiri samani kutoka ng'ambo hakukufaa. Block akaingia kazini: nyasi kavu zikajazwa ndani ya kitambaa, kitambaa kikashonwa, kitanda kikapata godoro. Kusema kweli, godoro la nyasi si la kujivunia, kwa maana hubonyea upesi na sharti lijazwe tena na tena. Ila msafiri aliyechoka hakuhitaji pambo jingine.

Moto uliiteketeza hoteli hiyo mwaka wa 1905, ikahamishwa, na mnamo 1913 New Stanley ikafunguliwa mahali ilipo hadi leo, pembeni mwa barabara za Kenyatta na Kimathi. Block, kwa upande wake, alijishughulisha na kilimo na biashara. Nyota yake ya jaha iling'aa mwaka wa 1927 alipoinunua Hoteli ya Norfolk, iliyokuwa imefungua milango yake siku ya Krismasi ya 1904. Miaka 20 baadaye, mnamo 1947, akainunua New Stanley yenyewe. Mjaza magodoro akawa mwenye hoteli.

Fahari hiyo ilikuwa na doa. Chini ya ubaguzi wa rangi wa kikoloni, Mwafrika aliingia katika hoteli za namna hiyo akiwa mpishi, mhudumu au mtandika vitanda, wala si mgeni. Aling'arisha meza asizoruhusiwa kulia, kisha jioni akarejea Eastlands, katika mitaa kama Kaloleni na Ziwani. Fedha haikuwa imejengwa bado. Kila tunaposifu umaridadi wa kumbi hizo, yafaa tuwakumbuke waliozifagia. Vizuizi hivyo vilianza kulegea katika miaka ya 1950, uhuru ulipokaribia.

Mwaka wa 1959, New Stanley ikiwa bado mikononi mwa familia ya Block, mkahawa wa Thorn Tree ulifunguliwa kandokando ya barabara, na mti wa mgunga ukawa nembo yake. Wasafiri walibandika vijibarua shinani kuwaachia wenzao habari za safari. Kwa maoni yangu, hakuna pambo la hoteli jijini lililowahi kuushinda mti huo. Haukuagizwa Ulaya, ulitoa kivuli, na ulikuwa na kazi ya kufanya.

Wanawe Block, Jack na Tubby, waliendeleza kampuni ya Block Hotels, iliyopeleka vitanda na meza zake hadi mbugani, Samburu na Keekorok. Mzee mwenyewe aliaga dunia mwaka wa 1965. Mnamo 1978 New Stanley ilichukuliwa na kundi la Sarova, nayo Norfolk pia ikaja kuiponyoka familia hiyo. Mkahawa wa Thorn Tree ungalipo, ingawa mgunga uliopo leo si ule wa awali.