Mzee wa tabo: Alfred Büchi

Kabla fundi hajakufungia tabo kubwa kama sufuria kwenye Subaru yako, mjue Alfred Büchi. Mhandisi huyu alizaliwa 1879 Winterthur, Uswisi. Aliona moshi wa injini unatoka na nguvu inayopotea bure, akaamua uzungushe feni ya kusukuma hewa zaidi ndani. Alisajili wazo hilo 1905. Tabo ya majaribio ya 1915 ikafeli, haikuweza kushikilia presha. Jamaa hakukata tamaa. Miaka ya 1920, dizeli za meli zikapanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Aliaga 1959.

Funzo ni hili: tabo lazima ilingane na injini. Kubwa mno huchelewa kuamka kwenye jam, ndogo mno hukata pumzi ukikanyaga mafuta. Gari la mtaani linataka inayoamka mapema.