Alimgundua mdudu wa TB, kinga ya mwili ikamshinda

Huenda umewahi kumpeleka mwanao hospitali kwa kikohozi kisichoisha, mhudumu akamdunga sindano ndogo sana kwenye ngozi ya mkono, kisha akakuagiza umrudishe baada ya siku mbili au tatu. Siku ya kurudi, pale palipodungwa pamevimba. Wazazi wengi hushtuka. Wapo wanaodhani sindano imemdhuru mtoto, na wapo wanaoamini kuwa TB imeshathibitika. Wengine hawarudi kabisa hospitali, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Ili ujue uvimbe ule unasema nini, wiki hii nakusimulia maisha ya Robert Koch, daktari Mjerumani aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Maji yaliyomo kwenye sindano ile yalianzia mikononi mwake, na mwanzoni hayakuwa kipimo. Aliyatangaza kuwa dawa.

Daktari wa mji mdogo

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, katika mji wa Clausthal kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na nyumba yao ilijaa watoto. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo upo Poland kwa jina la Wolsztyn. Hakuwa na maabara ya serikali. Alikuwa na hadubini, na utafiti wake aliufanyia nyumbani, baada ya kutibu wagonjwa.

Wakati huo madaktari wengi waliamini kuwa magonjwa huletwa na hewa mbaya inayotoka kwenye uchafu. Koch alianza na kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiua kondoo na ng'ombe, na mara nyingine watu. Waliomtangulia walishaona vijiti vidogo ndani ya damu ya mnyama aliyekufa, lakini hapakuwa na uhakika kama hivyo ndivyo chanzo au ni matokeo tu ya ugonjwa. Koch alichovya kijiti cha mbao kwenye damu hiyo, akawachanja panya. Panya wakafa, na damu yao ikakutwa na vijiti vilevile.

Kisha alivikuza nje ya mwili, ndani ya majimaji ya jicho la ng'ombe, akaona kwamba mazingira yakiwa magumu vijidudu hivyo hujigeuza mbegu zenye ganda imara, zinazoweza kukaa kwenye udongo miaka mingi. Wafugaji wakapata jibu la kwa nini malisho yaliyoachwa muda mrefu yaliendelea kuua mifugo. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1876. Hadi leo hiyo ndiyo sababu unakatazwa kuchuna au kula ng'ombe aliyekufa ghafla.

Machi 24, 1882

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin, akapewa maabara na wasaidizi. Kazi ngumu ilikuwa kumtenga mdudu mmoja na wenzake, maana ndani ya supu wote huchanganyika. Koch aligundua kuwa juu ya kipande cha kiazi kilichopikwa kila aina huota mahali pake, kama mazao kwenye matuta tofauti. Baadaye Fanny Hesse, mke wa mmoja wa waliofanya kazi naye, alipendekeza agari, kitu kinachotokana na mwani alichokuwa akitumia jikoni kugandishia vyakula. Maabara za hospitali zinatumia agari mpaka leo.

Ndipo akaigeukia TB, yaani kifua kikuu. Enzi hizo huko Ulaya ilikadiriwa kuwa kifo kimoja kati ya kila saba kilitokana na ugonjwa huo. Wengi waliuona kuwa wa kurithi, kwa sababu ulipita nyumba moja ukimwangusha mmoja baada ya mwingine. Koch alitafuta rangi ya kumwonyesha mdudu huyo, akamkuza kwa wiki kadhaa, kwa kuwa huota polepole sana, kisha akawaambukiza simbilisi nao wakaugua. Jioni ya Machi 24, 1882, aliwaeleza wanasayansi wa Berlin alichokipata. Ndiyo maana tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Chukua funzo la kwanza hapo. Watu wa nyumba moja wakiugua TB, si damu yao mbaya wala si kurogwa. Ni kwa sababu wanavuta hewa moja. Mwenye TB ya mapafu akikohoa, hutoa matone madogo sana yenye bakteria, nayo huelea ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Kumtengea mgonjwa sahani na kikombe hakusaidii kitu. Kufungua madirisha, kuziba mdomo unapokohoa na kuanza dawa mapema ndiko kunakookoa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1884, akiwa Calcutta nchini India baada ya kuanzia kazi Misri, Koch alimwonyesha mdudu wa kipindupindu na kumhusisha na maji waliyokunywa watu. Ushahidi mkubwa ulikuja mwaka 1892. Jiji la Hamburg lilikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na watu zaidi ya 8,000 wakafa kwa kipindupindu. Mji jirani wa Altona, uliopakana nalo mtaa kwa mtaa, ulitumia maji ya mto huohuo lakini uliyachuja kwa mchanga, na kwa kiasi kikubwa ukanusurika.

Dawa iliyowageuka wagonjwa

Baada ya kumjua adui, Koch alitaka kumuua. Mwaka 1890 alitangaza kuwa amepata kitu cha kuizuia TB. Kilikuwa majimaji yaliyotengenezwa kutokana na bakteria wa TB waliokuzwa kwenye maabara, na baadaye yaliitwa tuberkulini. Namna ya kuyatengeneza aliifanya siri. Alikuwa amejidunga mwenyewe, na saa chache baadaye alitetemeka na kupata homa kali. Alilichukulia hilo kuwa ishara kwamba dawa ina nguvu.

Wagonjwa kutoka pande zote za Ulaya walimiminika Berlin. Fikiria wewe ni mzazi wa wakati huo, mtoto anatema damu, hakuna tiba, na daktari mashuhuri kuliko wote anasema ipo. Ungekwenda. Lakini baada ya sindano wengi walishikwa na homa kali na baridi, na sehemu zenye ugonjwa zikavimba. Baadhi walikufa. Rudolf Virchow, bingwa wa kuchunguza maiti, alionyesha kuwa miilini mwao ugonjwa haukuwa umekoma, na katika baadhi ulikuwa umesambaa. Mwaka 1891 matumaini yakawa yamezimika.

Mwili unaokumbuka

Nini kilitokea? Sindano ile haikuwa na bakteria hai, kwa hiyo si mdudu aliyewapandisha homa. Ni kinga yao wenyewe.

Mtu akishaingiwa na bakteria wa TB, hata kama hajaugua, baadhi ya seli nyeupe za damu hujifunza sura ya bakteria huyo na kuikumbuka. Zikikutana tena na vipande vyake, hata vilivyokufa, huitana na kukusanyika kwa wingi, na mahali hapo huvimba. Kwa mgonjwa aliyepewa dozi kubwa, vita hiyo ilizuka popote mdudu alipojificha: kwenye mapafu, kwenye koo, hata kwenye ubongo. Kinga iliyokusudiwa kulinda ikaumiza nyumba iliyokuwa ikiilinda.

Mwaka 1906 daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, alibuni neno aleji, ambalo sisi tunaliita mzio, kueleza mwili uliobadilika baada ya kukutana na kitu na sasa unakipokea tofauti. Mwaka 1907 alichukua tuberkulini ya Koch, akaitia kidogo tu kwenye mkwaruzo wa ngozi. Aliyewahi kuambukizwa ngozi yake ilivimba, asiyewahi haikuvimba. Mwaka 1908 daktari Mfaransa Charles Mantoux aliboresha kwa kudunga ndani ya ngozi, na jina lake ndilo kipimo hicho kinalo leo. Dawa iliyoshindwa ikawa kipimo.

Mzio huu si sawa na ule wa karanga, nyuki au sindano ya penisilini. Ule huja ndani ya dakika chache: mwasho, midomo kuvimba, kupumua kwa shida. Ukiuona, kimbia hospitali bila kusubiri. Huu wa TB huchelewa, kwa sababu seli zinahitaji muda kufika na kukusanyika. Ndiyo maana unaambiwa urudi baada ya saa 48 hadi 72.

Visiwa vya Sese

Koch alifika pia kwetu. Mwaka 1906 na 1907 alifanya utafiti wa malale katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, wakati ugonjwa huo ulikuwa ukiua maelfu. Aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Wengi walipata nafuu, lakini nafuu hiyo haikudumu. Alipoongeza dozi, baadhi yao walipofuka, na macho hayakurudi. Wagonjwa hao hawakuwa na nafasi ya kuuliza kama wewe uliyonayo leo. Itumie. Muulize daktari dawa hii inafanya nini, madhara yake ni yapi, na niyaonapo nifanye nini.

Koch alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1905 na kufariki Mei 27, 1910, akiwa na miaka 66. Hakuiona tiba ya TB. Dawa za kuiponya zilianza kupatikana miaka ya 1940.

Ukirudi na mtoto hospitali

Sasa urudi kwenye ule mkono uliovimba. Usiukune, usiupake mafuta wala dawa yoyote, na usijisomee matokeo nyumbani. Mhudumu hapimi wekundu. Anapima kwa milimita ile sehemu iliyokuwa ngumu. Kwa watoto wengi milimita 10 au zaidi huhesabiwa kuwa kuna maambukizi. Kwa mtoto mwenye virusi vya Ukimwi au utapiamlo mkali, milimita 5 zinatosha, kwa kuwa kinga yake ni dhaifu.

Uvimbe unakwambia kuwa mwili unamkumbuka bakteria. Hausemi kama mtoto anaumwa sasa. Hilo linahitaji vipimo vingine, historia ya nyumbani na uzito kwenye kadi ya kliniki. Chanjo ya BCG nayo inaweza kuleta uvimbe kiasi. Na ngozi isipovimba usitangaze ushindi, maana kinga iliyochoka inaweza kushindwa kuitikia hata kama TB ipo.

Zaidi ya yote, kama nyumbani kuna mtu mzima mwenye TB na una mtoto wa chini ya miaka mitano, mpeleke akachunguzwe hata kama anacheza vizuri. Akikutwa haumwi, zipo dawa za kumkinga. Akikutwa anaumwa, TB inatibika, ilimradi dawa zimalizwe kwa miezi yote iliyoagizwa, mara nyingi sita. Homa ikishuka na mtoto akaanza kula, usiache dawa. Bakteria huyu huota polepole, na hufa polepole vilevile.