Komenský, mwalimu mkimbizi aliyetia picha katika vitabu

Mwaka 2009 niliporudi Burundi kutoka makazi ya Katumba, Mpanda, nilikuwa na cheti cha ualimu cha Tanzania na Kifaransa cha kusalimia tu. Baadhi ya watoto tuliorudi nao walikuwa darasa la sita. Hapa wakarudishwa la pili, wakakaa benchi moja na wadogo zao, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa lugha. Ni katika kutafuta namna ya kuwasaidia ndipo nilipokutana na habari za Jan Amos Komenský, ambaye vitabuni huitwa Comenius. Ndugu msomaji, kama umewahi kuvuka Kobero au Manyovu ukiwa na godoro kichwani, mtu huyu utamwelewa upesi. Aliishi ukimbizini zaidi ya miaka 40.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 huko Moravia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, akafiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mtoto. Shule ya Kilatini aliianza akiwa na miaka 16, umri mkubwa kwa mwanafunzi wa kuanza, na hakusahau maisha yake yote jinsi kanuni zilivyokaririshwa kwa fimbo bila kueleweka. Baadaye alisoma Ujerumani, akarudi kwao kuwa mchungaji na mwalimu katika mji wa Fulnek.

Vita vikamkuta huko. Mwaka 1620 Waprotestanti walishindwa karibu na Praha, na wachungaji wa kanisa lake, Umoja wa Ndugu, wakaanza kuwindwa. Akiwa mafichoni, mwaka 1622, mke wake na watoto wao wawili walikufa kwa tauni. Mwaka 1628 akavuka mpaka, akaishi Leszno nchini Poland.

Kazi iliyompa jina aliifanyia huko ugenini. Mwaka 1631 alitoa kitabu cha Kilatini chenye sentensi kama 1,000 katika sura 100. Kila sura ilikuwa na jambo lake: moto, mimea, mwili wa binadamu, kazi za mikono. Mwanafunzi alijifunza lugha huku akijifunza kitu chenyewe, kuanzia sentensi fupi hadi ndefu. Kitabu kikatafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya, hata baadhi za Asia.

Msingi wake aliuchukua kwa mafundi. Aliona kwamba seremala hamweki mwanagenzi chini kumhubiria habari za randa; humpa randa mkononi, humwonyesha, kisha humsahihisha anapokosea. Akauliza kwa nini shule isifanye hivyo. Siku hizi kuna watu ambao ajira yao ni kupanga mafunzo ya ufundi: kigawanywe vipi, kianze kipi, mwanafunzi apimwe kwa kazi gani. Komenský aliifanya kazi hiyo kabla haijapata jina.

Mataifa yakamgombania. Alikwenda Uingereza mwaka 1641, lakini vurugu za kisiasa zikazuia mipango yake. Uswidi ikamtaka aandike vitabu vya shule zake, naye akakaa miaka 6 mjini Elbląg akiandika kwa fedha za tajiri Louis de Geer. Alitumaini kwamba Waswidi wakishinda, watu wake watarudi nyumbani. Mkataba wa amani ulipotiwa saini mwaka 1648, wao hawakukumbukwa.

Kuanzia 1650 alifundisha Sárospatak, Hungaria, ambako aliwafanya wanafunzi waigize masomo jukwaani. Hapo ndipo alipoandaa kitabu cha picha, ambacho kilichapwa Nuremberg mwaka 1658 kwa sababu Hungaria alikosa mafundi wa kuchonga michoro. Kina sura 150: mwoka mikate, mfua chuma, mfuga nyuki, mvuvi. Kila kitu katika picha kina nambari, na nambari hiyohiyo iko kando ya neno lake, kwa Kilatini upande mmoja na Kijerumani upande wa pili. Hata herufi zinafundishwa kwa sauti za wanyama, kuanzia mlio wa kunguru.

Sitamfanya malaika. Aliamini watabiri wa uongo, akawachapishia maneno yao, na Waswidi walipoivamia Poland iliyompokea, aliandika kumsifu mfalme wao. Mwaka 1656 Leszno ilichomwa moto, na kamusi ya Kicheki aliyoikusanya kwa zaidi ya miaka 40 ikateketea. Akakimbilia Amsterdam, akafariki tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa Naarden, Uholanzi. Kwao hakurudi, ingawa leo sura yake iko kwenye noti ya koruna 200, na siku aliyozaliwa ni siku ya walimu nchini mwake.

Nami nilichora baiskeli ubaoni, nikaitia nambari 1 hadi 14: usukani, mnyororo, pedeli, spoku. Kando niliandika Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Kijana mmoja wa wale waliorudishwa la pili, aliyekuwa hafungui kinywa tangu afike, alinyoosha kidole kunisahihisha: breki ya nyuma nilikuwa nimeisahau. Wiki iliyofuata mama mmoja anayeuza bidhaa Manyovu aliniomba karatasi kama hiyo ya unga, mawese, dagaa na vitenge. Akasema niweke na nafasi ya bei.