Edward Saidi Tingatinga: Jina Lililo Pembeni mwa Picha

Ndugu wasomaji, nanyi watoto wetu mliozaliwa huku Minnesota,

Sebule nyingi za Watanzania hapa Minneapolis na Saint Paul zina picha moja ya rangi kali: chui mwenye madoa, tembo, au ndege wa shingo ndefu. Mgeni akiuliza, tunamjibu kuwa ni Tingatinga, na mazungumzo yanaishia hapo. Watoto wengine hudhani tunataja trekta. Katika sherehe hii ya Uhuru wa Desemba 9, tumeona tuwasimulie habari za mtu mwenyewe.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Shule aliyosoma ilikuwa ndogo. Miaka ya 1950 aliondoka kijijini kutafuta kazi, kama sisi tulivyoondoka kwetu. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam, akawa mtunza bustani nyumbani kwa Mzungu, na baadaye akashika vibarua vya hapa na pale.

Mnamo 1968 alianza kuchora. Hakuwa na fedha za kununua kitambaa na rangi za wasanii. Alichukua vipande vya hadibodi, ile inayopigwa kwenye dari, akachorea kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Mara nyingi alichora mnyama mmoja tu, katikati, nyuma yake pakiwa patupu. Mkewe, Agatha, aliziuza picha hizo nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipopita wageni wengi. Baadaye Tingatinga alipata kazi ya uhudumu katika Hospitali ya Muhimbili, akawa anachora baada ya saa za kazi. Sisi tunaotoka zamu ya usiku huku tukiwa hoi tunajua maana ya kurudi nyumbani na kushika kazi ya pili.

Picha zilipoanza kununuliwa, jamaa zake nao walitaka kujifunza. Hakuwafungia mlango. Aliwafundisha January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah, Kasper Tedo na Simon Mpata. Walikaa naye, wakaangalia mkono wake unavyokwenda, wakaiga mpaka wakaweza. Huko kuiga hakukumwibia kitu, kwa sababu mwalimu aliridhia, na wanafunzi wakawa na majina yao wenyewe.

Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari na wenzake jijini Dar es Salaam. Polisi waliwadhania kuwa wahalifu wanaokimbia, wakapiga risasi, naye akafa. Alikuwa amechora kwa takribani miaka minne tu. Aliacha mke na watoto wadogo.

Wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 kikundi chao kikawa ushirika ulioandikishwa. Lakini jina la marehemu lilipopata thamani, wajanja nao walitokea. Zilichorwa picha mpya, zikatiwa saini yake, zikauzwa kama kazi ya mkono wake. Hao hawakuwa wanafunzi. Mwanafunzi huchukua ujuzi, ilhali hawa walichukua jina la mtu asiyeweza tena kusimama na kukana.

Machungu hayo yapo hata kwa wachoraji walio hai. Mmoja hukaa siku kadhaa akiwaza picha ambayo haijawahi kuonekana. Ikishapata mnunuzi, jirani anaichora ileile, na wa tatu anafuata, kila mmoja akipunguza bei. Aliyebuni anajikuta akishindana na picha yake mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda picha ya msanii, lakini haimpi mtu yeyote umiliki wa mtindo. Kuchora chui kwa rangi za kung'aa ni ruhusa kwa kila mtu. Kuinakili picha ya mwenzako mstari kwa mstari bila idhini yake, au kughushi saini yake, si ruhusa.

Basi leo mkirudi nyumbani, itazameni ile picha ya sebuleni. Angalieni pembeni, chini, msome jina. Huenda ni la mchoraji ambaye bado yuko Dar es Salaam na anasomesha watoto kwa kazi hiyo. Tukienda likizo, tumtafute mwenye picha, tumlipe yeye, hata kama wa pembeni anauza rahisi zaidi. Nanyi watoto, mnapoandika au kuchora kazi za shule, igeni ili mjifunze, mseme mmejifunza kwa nani, kisha andikeni majina yenu kwenye kile mlichokibuni wenyewe.

Heri ya sikukuu ya Uhuru kwenu nyote.