Kiguu wa London aliyewatetea watoto waliokakamaa viungo

Hujafa hujaumbika, walinena wahenga. Leo nawaletea wasomaji habari za mtu aliyeyajua maneno hayo kwa mwili wake mwenyewe, daktari Mwingereza William John Little, aliyezaliwa London tarehe 7 Agosti 1810.

Nimemchagua bwana huyu kwa kuwa jambo alilolitafuta latuhusu sote. Mbona mtoto mwingine huzaliwa na viungo vyote, kisha miguu ikakakamaa, asikae wala asisimame kwa wakati wake? Mitaani mwetu nasikia huyu akisema ni jini, yule akisema ni kijicho, na mara nyingi lawama yote humshukia mama mzazi.

Baba yake Little alikuwa na nyumba ya wageni mtaa wa Aldgate. Utotoni Little alishikwa na polio, na alipopona, mguu wa kushoto ulikuwa umepinda. Akakua akichechemea. Alianza kwa kufundishwa kazi na muuza dawa, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1832 akahitimu upasuaji. Lakini wapasuaji wa London walimvunja moyo kuhusu kuunyosha mguu wake.

Ndipo akafunga safari hadi Hanover, Ujerumani, kwa mpasuaji aitwaye Stromeyer. Huyu alikuwa akikata ukano wa kisigino kupitia tundu dogo la ngozi, ili kidonda kisiharibike, kisha akiunyosha mguu kidogo kidogo. Mwaka 1836, siku ambazo dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi haijapatikana, Little alijitoa akakatwa. Mguu ukanyooka! Kwa shukrani, mmoja wa wanawe alimpa jina la Stromeyer.

Aliporudi kwao alianza kuwafanyia wengine, na mwaka 1838 akaasisi hospitali ya viungo mjini London. Watoto wakaletwa. Waliopinda nyayo walifaidika na kisu chake. Lakini walikuwako wengine ambao miguu yao ilikakamaa na kupishana kama mkasi, baadhi yao wakiwa wazito wa kusema au wa kufahamu. Kwa hawa, kisu hakikufika kwenye asili ya taabu.

Hapo Little alifanya jambo ambalo wengi hawakulifikiria: aliuliza habari za kuzaliwa kwao. Majibu yakawa yanafanana. Huyu mamake aliumwa uchungu muda mrefu mno, huyu alizaliwa miezi haijatimia, na huyu alitoka kimya, asilie wala asivute pumzi kwa muda. Mwaka 1861 alisimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi cha London, akaeleza kwamba ubaya hauko mguuni bali ubongoni, na kwamba chanzo chake ni taabu za kuzaliwa na kukosa hewa. Maradhi hayo yakaitwa kwa jina lake. Siku hizi twayajua kama mtindio wa ubongo.

Hebu tufahamu mambo yalivyo. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni humjia kutoka damu ya mamake, kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Kondo likibanduka mapema, au kitovu kikibanwa, ubongo huwa katika hatari kubwa, maana hauna akiba. Chembe zake huishiwa nguvu zikafa, na nyingine huendelea kufa kwa saa na siku kadhaa hata baada ya hewa kurudi. Kwa mtoto ambaye miezi haijatimia, huumia zaidi nyuzi zilizo kandokando ya vyumba vya maji katikati ya ubongo. Nyuzi zinazotawala miguu ndizo zipitazo karibu zaidi na hapo, ndiyo sababu miguu hukakamaa kuliko mikono.

Mwaka 1897 Sigmund Freud wa Vienna, kabla hajavuma kwa elimu ya nafsi, aliona vingine. Alisema huenda kuzaliwa kwa shida nako ni dalili tu ya ubaya ulioanza tumboni. Kwa miaka mingi wachache walimsikiliza. Utafiti wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba ni sehemu ndogo tu ya watoto hawa walioumia kwa kukosa hewa saa ya kuzaliwa. Wengine husibiwa kabla, kwa maambukizi, kwa kondo dhaifu, kwa damu kuganda au kwa mambo ya kurithi. Kwa maoni yangu, Little ndiye aliyefungua mlango, na Freud akaonyesha kuwa ndani kuna chumba kingine.

Hata hivyo saa ya kuzaliwa si ya kupuuzwa. Mtoto asiyevuta pumzi apulizwe hewa na mkunga mwenye ujuzi katika dakika ya kwanza. Katika hospitali zenye vifaa kamili, aliyeumia hupozwa mwili hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, ili chembe zilizobaki zisizidi kufa.

Little alifariki mwaka 1894. Nasi hatuna budi kumwiga katika hili: aliwauliza akina mama, hakuwalaumu. Basi mwenye mtoto wa aina hii asimfiche ndani. Ampeleke mapema kwa wataalamu wa kunyosha viungo, na majirani tumsaidie mzigo badala ya kumnong'ona.