RUDOLF VIRCHOW: ALIYEFUATA NJIA YA DONGE LA DAMU

Mtu amevunjika mguu, amelala kitandani majuma kadhaa, anaanza kupata nafuu. Mara pumzi zinamkatika, anafariki. Watu wataanza kunong'ona eti amerogwa. La hasha! Kitendawili hicho kiliteguliwa kitambo na Rudolf Virchow.

Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 huko Schivelbein, mji ambao leo uko Poland. Alihitimu udaktari mjini Berlin mwaka wa 1843, kisha akafanya kazi ya kupasua na kuchunguza maiti katika hospitali ya Charité.

Siku hizo madaktari wakubwa waliamini kuwa donge la damu likipatikana mapafuni, basi limeganda papo hapo. Kijana huyu hakukubali kumeza tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama. Aligundua kwamba maiti zenye donge mapafuni mara nyingi zilikuwa na madonge mengine katika vena za miguu. Akatia vipande vya mpira katika vena za mbwa, akavikuta mapafuni. Kumbe donge ni msafiri! Hutoka mguuni, hupita upande wa kulia wa moyo, hukwama mapafuni. Virchow aliliita tukio hilo embolia.

Mnamo 1848 alitumwa Silesia kuchunguza homa ya taifasi. Ripoti yake ililaumu umaskini na utawala mbaya. Siasa zake zilimponza, akahamia Würzburg mwaka wa 1849, lakini Berlin ilimwita tena mwaka wa 1856.

Januari 1902 alivunjika paja akishuka kwenye tramu. Alifariki tarehe 5 Septemba mwaka huo.

Mwaka wa 1953, huko Lund, Uswidi, Inge Edler na Hellmuth Hertz walianza kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Leo daktari huweza kufanya altrasaundi hiyo kando ya kitanda. Donge kubwa likiziba njia ya mapafu, chumba cha kulia cha moyo hufura kwa kusukuma damu isiyopita. Donge dogo laweza kujificha, kwa hivyo vipimo vingine huhitajika. Hata hivyo, njia aliyoifuata Virchow kwa kisu sasa hutazamwa mgonjwa angali hai, na bado anaweza kuokolewa.

Wanafunzi wenzangu, tusiogope kuuliza maswali, hata pale wakubwa wanapodhani jibu linajulikana.